Hema la Mama Njoki

Mjukuu wangu Mwende ameniambia kwamba ninyi vijana wa kanisa letu hapa Tassia mnataka kwenda msituni mkalale siku tatu, na kwamba mahema mmeshanunua. Alinionyesha moja pale sebuleni. Alilitoa kwenye mfuko mdogo kama wa viatu, akalirusha, likafunguka lenyewe na kuangusha kikombe changu cha chai.

"Babu, si iko fiti?"

Nikamwambia iko fiti. Lakini nilipokishika kile kitambaa niliuona mwanga wa dirisha upande wa pili, nikasema, hawa watoto wasiondoke kabla sijawaambia mambo mawili matatu. Mimi kazi yangu ilikuwa mahema. Nilipiga mahema miaka kumi na tisa, na mgongo huu mnaoniona nao umepinda, haukupinda kwa kusali.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo nililelewa Makongeni, kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Ng'ambo ya reli, katika eneo la viwanda, kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa na stoo ya mahema. Alikodisha ya harusi, ya matanga, na ya watu waliotaka kwenda kupumzika msituni. Hawa wa msituni mwanzoni walikuwa wazungu na wahindi. Halafu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, zikaanza kuja shule, kisha makanisa ya mitaa yetu ya Eastlands. Tuliwapeleka na lori kupitia Thika, tukapanda mashamba ya chai mpaka yakaisha, tukaingia msitu wa Nyandarua. Mle ndani kulikuwa na uwanja wa nyasi, mto mdogo, na kimya ambacho mtu wa Jogoo Road alihitaji siku nzima kukizoea. Wengine walikuwa wakiniuliza, "Kwani hapa kuna shida gani? Mbona hakuna kelele?"

Aliyenifunza kazi ni dereva wa lori hilo, Mzee Kariuki. Alikuwa dereva, msimamizi na mpishi, yote pamoja. Mrefu, mkimya, kofia haimtoki kichwani. Mimi aliniita Mkamba, na kwa kuwa kazi yangu kubwa ilikuwa kufunga kamba, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ni Mkamba wa kamba," halafu hacheki. Wageni ndio walicheka.

Mwezi wangu wa kwanza nilikunja hema likiwa bichi. Tulikuwa tumechoka, mvua ilikuwa imenyesha, nikajiambia litakauka stoo. Wiki mbili baadaye Mzee Kariuki aliniita, akafungua lile furushi, akanishika shingo taratibu kama mtu anayemwonyesha mbuzi maji.

"Nusa."

Nikanusa. Lilinuka kama soksi za mchezaji aliyezisahau kwenye begi tangu msimu uliopita. Turubai zima lilikuwa limeota ukungu, madoadoa meusi.

"Hilo hema limekufa," akaniambia. "Na halikuwa gonjwa."

Basi hiyo ni ya kwanza. Hema likilowa, hata kama mnaharakisha nyumbani, siku mkifika lifungueni tena mlianike. Hata hayo yenu ya kitambaa chepesi. Lianikeni kwenye balkoni, wapangaji wa jengo la pili wakichungulia, wachungulie.

Ya pili inahusu siafu. Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyeleta wanafunzi wake, mtu wa suti hata msituni. Nilimtafutia mahali pazuri, pakavu, chini ya kivuli. Sikuangalia chini. Baada ya chakula cha mchana akaingia kujinyoosha kidogo. Haukupita muda tukasikia kelele, tukamwona mwalimu mkuu akitoka mbio, suruali ameiacha ndani, anajipiga mapaja kama mcheza ngoma. Wanafunzi mia moja hivi walikuwa wameketi kwenye nyasi wanaimba. Wimbo ulikatika. Mzee Kariuki alimfunika kwa blanketi, akampeleka nyuma ya lori, na aliporudi ndiyo mara ya kwanza nilimwona amegeuza uso kando mabega yakimtetemeka. Kwa hiyo kabla ya kupiga hema, chuchumaeni. Angalieni ardhi kwa dakika tano bila kuzungumza. Ukiona mstari mweusi unaotembea, ondoka, usibishane nao.

Kamba za siku hizo zilikuwa za pamba, zikilowa zinakaza, zinaweza kung'oa kigingi au kupasua turubai. Kwa hiyo ukiona wingu, unalegeza. Wageni walikuwa wakishangaa, mvua inakuja na huyu mtu analegeza kamba! Zenu za nailoni ni kinyume, zikilowa zinavutika, basi ninyi mtakaza. Na msipige hema chini ya tawi lililokauka, hata kama kivuli chake ni kitamu namna gani.

Lakini nilikaa chini kuandika hii kwa sababu ya hema moja, na naona nazungukazunguka.

Akina mama wa kanisa moja la Makongeni walikuja kukodisha. Walikuwa kumi na wawili, karibu wote wajane au wake wa watu wa reli, wafanyabiashara wa mboga na nguo katika masoko ya Burma na Gikomba. Walikuwa wameamua kwenda mahali patulivu siku tatu, wasali, walale, wasipikie mtu yeyote. Wazo lenyewe lilikuwa la mmoja wao, Mama Njoki. Nilimfahamu kwa macho. Alishona sare za shule karibu na kwetu. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, aongeaye kidogo na kwa ukali.

Tulipofika niliteremsha mahema nikaanza kuyapanga kwenye sehemu iliyonyooka vizuri, nyasi laini kama godoro. Wakati huo nilikuwa na miaka mitano kazini, najiona fundi. Mama Njoki alisimama nyuma yangu na kikapu chake.

"Kijana, unatulaza kwenye njia ya maji."

"Hapa ni pazuri, mama. Ni tambarare."

"Angalia nyasi zimelalia upande gani."

Niliangalia. Nyasi zote zilikuwa zimelala upande mmoja, kuelekea mtoni, kama nywele zilizochanwa. Nilijua maana yake, Mzee Kariuki alishanifunza. Lakini kuambiwa na mshonaji wa sare mbele ya wanawake kumi na mmoja, hapo kiburi kikanishika.

"Mama, hii ni kazi yangu. Wewe umekuja kupumzika."

Alichukua hema lake, akalikokota juu mwinukoni, akalipiga mwenyewe. Alilipiga vizuri. Saa tisa alasiri mvua ikaja, na maji yakapita katikati ya mahema yangu kana kwamba yalikuwa na miadi. Blanketi, viatu, sufuria, Biblia, vyote vikaelea. Akina mama walikimbilia kwa Mama Njoki, wakajibana humo wote wakiimba na kucheka, nami nilikuwa nje na jembe nachimba mtaro uliokuwa umechelewa. Mzee Kariuki alinisaidia kuhamisha. Alisema sentensi moja tu: "Kesho asubuhi utamwomba radhi."

Asubuhi nilienda na kikombe cha chai. Hema lake lilikuwa limefungwa vizuri na ndani hakukuwa na mtu. Wenzake walidhani yuko mtoni ananawa. Nikaenda mtoni, hayuko. Tukaita. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa Nyandarua unaomeza mti ulio hatua kumi mbele yako. Sheria ya mahali pale ilikuwa moja na tuliirudia kila safari: mgeni havuki mto. Ng'ambo kulikuwa na nyati, na mianzi ambayo mtu akiingia hajui alikotokea. Na pale kwenye tope la ukingo, ng'ambo ya mto, niliona alama za viatu vya raba.

Nitasema kweli, wazo la kwanza halikuwa la huruma. Nilijiona nimefukuzwa kazi. Wazo la pili lilikuja nilipokumbuka vile nilivyomjibu jana, nikajiuliza kama ameondoka kwa hasira.

Mzee Kariuki aliwaambia akina mama wabaki pamoja, wawashe moto wa moshi mwingi na waimbe bila kunyamaza, ili tusikie waliko. Halafu akaniambia nichukue panga, chupa ya chai na hema moja dogo la watu wawili.

"Hema la nini, Mzee?"

"Tukimpata ameumia, utamlaza wapi?"

Tukavuka. Nilitegemea tutafuata nyayo, lakini zilipopotea kwenye majani Mzee Kariuki hakusimama. Aliendelea kupanda kama mtu anayekwenda kwake. Tuliingia kwenye shamba la misonobari iliyopandwa na serikali, mistari imenyooka, chini hakuna hata kichaka. Akasimama hapo kwa mara ya kwanza, akageuka huku na huku.

"Hapa palikuwa na barabara," akasema.

"Barabara gani?"

"Ya malori."

Sikuuliza zaidi, kwa sababu tulisikia sauti. Mtu alikuwa akiita jina, si kwa nguvu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Tulimkuta Mama Njoki kati ya mistari ya miti, ameketi, rinda limelowa mpaka magotini, mguu umeteguka na kuvimba. Alipotuona hakushtuka.

"Wamekata kila kitu," alisema. "Nilikuwa na alama zangu. Mti mkubwa, halafu mwingine uliopasuka, halafu jabali. Sasa yote inafanana."

Nilimfunga mguu kwa kitambaa, nikampa chai. Nikamwomba radhi kwa ajili ya jana, na yeye akaangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jana ni lini. Kisha akatuambia. Wakati wa Mau Mau alikuwa msichana wa miaka kumi na tano, kijiji chao kikiwa chini tu pale ambapo mashamba ya chai yanaishia. Kaka yake Ndirangu alikuwa msituni na wapiganaji. Yeye ndiye aliyempelekea chakula, viazi vitamu vilivyochemshwa, amevificha ndani ya mzigo wa kuni. Siku ya mwisho alimkuta chini ya jabali, ana homa, mvua inamnyeshea. Hakukuwa na kitu cha kumfunika. Alimwachia leso yake akaahidi kurudi kesho yake na blanketi. Kesho yake hakuweza kupita, msitu ulikuwa umejaa askari. Hakumwona tena, wala hakuna aliyemwambia kitu.

"Nimeshona nguo za watoto wa watu miaka yote hii," akasema, "na kila mvua ikinyesha pale Makongeni naamka."

Sisi Wakamba tulikuwa na yetu ya miaka ile, lakini hili sikuwa nimelisikia kwa mdomo wa mtu. Nilimwangalia Mzee Kariuki. Alikuwa ameshika mti.

"Jabali liko juu zaidi," alisema. "Upande wa kushoto. Naweza kulifikia."

Mama Njoki aliinua uso. Alimwangalia kwa muda mrefu, akaanza kumwongelesha kwa Kikuyu, naye akajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, yeye mwenyewe asiwe na mahali pa kujificha, na mama naye akageukia Kiswahili.

"Dereva, wewe unalijuaje jabali hilo?"

"Nilikuja hapa. Nilikuwa naendesha lori."

"Lori la nani?"

"La serikali. Nilileta askari."

Mbali huko chini akina mama walikuwa wakiimba, sauti inakuja na kupotea. Nilifikiri atamtemea mate. Nilifikiri atalia. Alinyoosha mkono kwangu nimwinue, akasimama kwa mguu mmoja.

"Basi nipeleke," akamwambia Mzee Kariuki. "Uliwaonyesha njia wao, nionyeshe na mimi."

Tulikwenda polepole, ameegemea bega langu, Mzee yuko mbele anakata matawi. Ilichukua kama saa moja. Jabali lilikuwepo. Juu limejitokeza kidogo kama ukingo wa kofia, chini kuna nafasi ya mtu kuketi tu, si kulala. Hakukuwa na kitu kingine. Msitarajie niwaambie tulipata leso au mfupa. Kulikuwa na majani makavu na mbolea ya swala. Mama Njoki alipapasa jiwe lote kwa viganja viwili, kama fundi anayepima kitambaa.

Kisha akaniita kwa jina langu, "Mutua, piga hema hapa."

Nilitaka kumwambia mahali penyewe ni padogo, ardhi ni mawe, na kwamba wenzake wanangoja. Nikamwona usoni, nikafungua furushi. Vigingi havikuingia, nilifunga kamba kwenye mizizi na mawe. Upande mmoja ulikosa pa kufungia kabisa.

"Dereva," Mama Njoki akasema. "Shika kamba ile."

Mzee Kariuki akaishika. Sikuwahi kumwona akishika kamba ya hema tangu nianze kazi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Aliizungushia mkononi, akakanyaga mahali, akakaa hivyo. Mama Njoki akainama akaingia, akajilaza ubavu akiacha nusu ya nafasi, akafumba macho.

Mvua ikaja mapema siku hiyo, hata saa sita haikuwa imefika. Nilijibana chini ya jabali. Mzee Kariuki alibaki mvuani ameshika kamba. Nilipotaka kumpokea alitikisa kichwa. Maji yalimtiririka kofiani mpaka mabegani, na sijui alisimama kwa muda gani, mpaka sauti ikatoka ndani.

"Baba Wambui."

Wambui ni binti wa kwanza wa Mzee Kariuki. Akina mama walikuwa wamemsikia akimtaja njiani, lakini hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Wote walimwita dereva.

"Naam, mama."

"Unanyeshewa. Ingia. Kijana atashika."

Nikaishika kamba. Mzee akavua kofia, akaingia akaketi mlangoni. Niliyasikia yote, sikuwa na pa kwenda.

"Siku hiyo ulimwona?" akamuuliza.

"Waliteremshwa watu watatu kutoka huku juu. Walikuwa hai. Niliwabeba mpaka kituo cha polisi kule mjini. Mmoja alikuwa anatetemeka na anaomba maji. Nilimpa chupa yangu nilipoona askari hawaangalii."

"Alikuwa na kovu hapa? Chini ya jicho?"

Mvua ilikuwa inapiga turubai nami nikawa namwombea Mzee aseme ndiyo. Neno moja tu, na lingemtosha yule mama maisha yake yote.

"Sikumbuki, mama. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya."

Halafu nikasikia kifuniko cha chupa ya chai kikifunguliwa.

"Heri hukunidanganya," Mama Njoki akasema. "Kunywa, kumebaki kidogo."

Tulimshusha kwa mgongo, tukipokezana. Wenzake walipotuona waliuacha wimbo katikati wakaja mbio. Tajiri hakujua lolote. Mzee Kariuki alimwambia mgeni mmoja aliteguka mguu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Lakini mwezi uliofuata, Jumapili, nilimwona Mzee Kariuki Makongeni amevaa koti la kanisani, anabisha mlango wa Mama Njoki. Walipanda basi pamoja kwenda ule mji alikowapeleka wale watatu. Waliuliza wazee, waliuliza makarani, waliuliza mchimba makaburi aliyekuwa amestaafu. Walikwenda mara tatu mwaka huo, na mara moja niliandamana nao. Hakuna aliyekuwa na jina la Ndirangu. Mara ya nne Mzee alipokuja kumchukua, Mama Njoki alimwambia, "Baba Wambui, imetosha. Keti ule." Akaketi akala.

Ninyi mtakwenda huko na mahema yanayojifungua yenyewe, na nimefurahi, sina wivu. Mtapenda kile kimya. Lakini mahali mtakapolala wengine walilala kabla yenu bila turubai, kwa hiyo mkifika, kabla ya redio na picha, chuchumaeni zile dakika tano nilizowaambia.

Mzee Kariuki alifariki miaka ya themanini, mimi nikiwa nimeshachukua nafasi yake ya usimamizi. Tajiri alitoa mahema ya matanga bure, nikayapeleka mwenyewe nyumbani kwake, nikafika mapema kuyapiga kabla watu hawajajaa. Nilipozunguka nyuma kutafuta maji nilimkuta Mama Njoki jikoni kati ya wanawake wa boma, amejifunga leso kiunoni, anakoroga sufuria kubwa. Nikamwamkia. Akapangusa mikono, akaniuliza kama nimekula.